Carey Thomas: Aliwapigania wanawake wasome, akawafungia weusi mlango

MWAKA 1894, Machakos ilipokuwa kituo cha kampuni ya Waingereza na reli ya Mombasa haijaanza kujengwa, Martha Carey Thomas alikabidhiwa urais wa Chuo cha Bryn Mawr, Pennsylvania, Marekani.

Chuo hicho cha wasichana kilianzishwa kwa urithi wa Joseph Taylor, daktari wa Kanisa la Marafiki, yaani Quaker. Ni kanisa lile lile la Willis Hotchkiss, mmishenari aliyefika Ukambani mwaka 1895 kabla ya kushiriki kuanzisha misheni ya Kaimosi mwaka 1902.

Carey alizaliwa Baltimore mwaka 1857 katika jamii ya waumini hao. Babaye hakutaka aende chuo kikuu. Mamaye ndiye aliyemtetea. Alihitimu Cornell mwaka 1877. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambako babaye alikuwa mdhamini, kilimsajili lakini kikamkataza kuketi darasani na wanaume. Akavuka bahari hadi Leipzig, Ujerumani. Göttingen nako alinyimwa shahada kwa sababu ya jinsia yake. Hatimaye Zurich, Uswisi, ilimtunuku shahada ya uzamifu mwaka 1882, tena kwa sifa za juu kabisa.

Mwaka uliofuata aliomba kuongoza Bryn Mawr, ambacho kilikuwa hakijafunguliwa. Wadhamini, wanaume watupu, walimteua James Rhoads. Carey akawa mkuu wa masomo. Rhoads alipoondoka, Mary Garrett, rafiki tajiri wa Carey, aliahidi chuo dola 10,000 kila mwaka mradi Carey awe rais. Hapo wadhamini wakalegea, ingawa kwa shingo upande.

Aliongoza hadi 1922, akisisitiza mitihani migumu ili asiwepo wa kudai kwamba wanawake wamepunguziwa kiwango.

Hata hivyo, aliyefungiwa milango naye alifunga. Jessie Fauset, msichana mweusi aliyelelewa Philadelphia na aliyeng'ara masomoni, alipotaka kujiunga na chuo, Carey alimsaidia kupata nafasi na karo Cornell, mradi tu asiingie Bryn Mawr. Fauset alihitimu mwaka 1905, akawa mwandishi na mhariri mashuhuri. Wayahudi nao Carey alipinga wasiajiriwe kufundisha.

Alifariki Desemba 1935. Mweusi wa kwanza kuhitimu Bryn Mawr, Enid Cook, alikuwa amepata shahada mwaka 1931, bila kuruhusiwa kulala bwenini. Mwaka 2018 chuo kiliacha kuliita jengo la maktaba kwa jina la Thomas. Sasa ni Maktaba ya Kale.