Canon Apolo Kivebulaya, Mwinjilisti Aliyekwenda na Jembe



Baadhi yetu tulipokwenda Naguru, mjini Kampala, kukaa katika nyumba ya mafunzo ya wamisheni, tulidhani siku ya kwanza tutapewa zamu za kuhubiri. Tulipewa visu tumenye matoke. Kuamka kulikuwa saa kumi na moja alfajiri kwa maombi, halafu kufagia, kuchota maji na kupika, ndipo somo la Biblia. Mchana tulishuka kilima kutembelea wagonjwa. Tulinung'unika, tusifiche. Mchungaji wa miaka arobaini na kitu, amemaliza chuo cha Biblia, anasugua sufuria! Jioni moja, masizi yakiwa bado mikononi, mwalimu alitusimulia habari za Apolo Kivebulaya. Sisi tunaotoka Ituri jina hilo tulilijua tangu shule ya Jumapili, lakini maisha yenyewe hatukuyajua vizuri. Ndiyo tunayowaletea hapa.

Alizaliwa Buganda karibu na mwaka wa 1864. Alizaliwa pacha, akaitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume anayetangulia. Katika ujana wake alifuata dini ya Kiislamu, akawa askari katika vita vya dini vilivyoisumbua Buganda wakati ule. Alikuwa amesikia mafundisho ya Alexander Mackay, mmisheni fundi aliyefariki mwaka wa 1890, na maneno hayo hayakumtoka moyoni. Baadaye alihamia upande wa Wakristo, akafika hadi Toro pamoja na jeshi. Alibatizwa mwaka wa 1895 na kuchukua jina la Apolo. Kivebulaya ni jina la utani: alipenda kuvaa koti la kizungu juu ya kanzu, watu wakamwita kitu kilichotoka Ulaya. Mkewe, Sara, alifariki mapema. Hakuoa tena mpaka kufa kwake.

Mwaka huo huo alitumwa Toro kama mwalimu. Ng'ambo ya milima ya Ruwenzori na mto Semliki kulikuwa na nchi ya Boga, chini ya mtawala aitwaye Tabaro. Wainjilisti wawili wa Kiganda walikuwa wamekwenda huko kabla yake, lakini hawakudumu, kwa maana Tabaro alikataza watu wasiwape chakula. Hebu fikirini, ninyi mnaojua maana ya mgao uliopunguzwa. Njaa iliwarudisha watumishi wa Mungu.

Apolo alipojitolea kwenda, mwishoni mwa mwaka wa 1896, alinunua jembe. Alivuka Semliki akiwa na vitabu vyake na jembe lake, ili asimtegemee Tabaro wala mtu mwingine yeyote kwa tumbo lake. Sisi tuliuvuka mpaka kuja huku Uganda tukikimbia. Yeye alivuka kwenda upande wetu, kwa hiari yake, katika nchi ambayo hakuwa na ukoo wala ardhi, na lugha ya nyumbani haikuwa yake.

Katika vikao vya kanisa letu pamekuwa na mabishano marefu. Wengine wanasema tusiwatume wainjilisti katika vijiji vya jirani mpaka tupate mfadhili wa kuwalipa. Hatusemi kwamba mwinjilisti asilishwe. Mwenye watoto sita hawezi kuishi kwa hewa. Lakini Boga ilianza kwa jembe, na jambo hilo lisemwe kikaoni kabla hatujapiga kura.

Huko Boga, Apolo alifundisha kusoma. Watu wa siku zile waliwaita Wakristo wasomaji, na hata leo jirani zetu wa Kiganda wakisema wanakwenda kusoma siku ya Jumapili wana maana ya kwenda kanisani. Vijana waliishi naye katika nyumba yake. Kwake darasa, shamba na sala havikuwa na ukuta kati yake, na kutoka kwa vijana wa namna hiyo kanisa lilipata walimu wa kupeleka mahali pengine. Alisema wazi juu ya ulevi na juu ya kuoa wake wengi, na hilo lilimchukiza Tabaro.

Kisha likaja jambo zito. Watu walipokuwa katika kazi ya nyasi za kujengea kanisa, dada yake Tabaro aliangukia mkuki, akafa. Apolo alishtakiwa kuwa ndiye aliyemwua. Alipigwa, akafungwa minyororo, akapelekwa gerezani Fort Portal. Katika siku hizo za mateso alimwona Yesu katika umbo la mtu anayeng'aa kama jua, akimtia moyo kwamba yuko pamoja naye. Alipoachiliwa alirudi Boga, kwa watu wale wale waliomshtaki. Tabaro mwenyewe aliamini baadaye, akabatizwa kwa jina la Paulo.

Mambo mengine tuyapite upesi. Alifanywa shemasi mwaka wa 1900 na kasisi mwaka wa 1903, akatumika miaka mingi katika Toro. Wazungu walipokubaliana mipaka mwaka wa 1910, Boga iliwekwa Kongo ya Wabelgiji, na kanisa likakatwa na ndugu zake wa Uganda bila kuulizwa. Sisi tunajua mstari wa namna hiyo unavyoweza kugawa familia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Apolo alirudi Boga, akakaa huko. Mwaka wa 1922 alifanywa Canon wa kanisa kuu la Namirembe. Mwenye heshima hiyo angeweza kukaa Kampala kwa raha, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliendelea na Boga, na miaka hiyo hiyo aliingia katika msitu wa Ituri kwa Wambuti, watu ambao majirani wengi waliwadharau. Alikaa nao, akajifunza kwao, akashughulikia kuiweka Injili ya Marko katika lugha yao. Mwaka wa 1932 baadhi yao walibatizwa.

Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Ilikuwa desturi kumzika mtu kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliagiza chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa watu ambao Injili ilikuwa haijawafikia.

Boga ikawa dayosisi mwaka wa 1972, na kutoka hapo Kanisa la Anglikana lilienea Kongo. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, siku ya kumkumbuka Apolo ikiwa ndiyo kwanza imepita, watu zaidi ya 50 waliuawa katika mashambulizi ya Boga na Tchabi. Baadhi yao walikuwa wakimbizi wa ndani, waliokuwa wamefika hapo kutafuta usalama.

Kila tarehe 30 Mei makanisa mengi ya Anglikana humkumbuka. Kaburi lake liko Boga.