Goldfinger: Msanifu majengo aliyehamia kwenye jengo lake

Mtengenezaji anayetumia bidhaa yake mwenyewe huujua upungufu wake mapema. Ndivyo alivyofanya Ernő Goldfinger, msanifu majengo aliyezaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1902. Familia yake ilikuwa na biashara ya misitu na kupasua mbao, lakini yeye alikwenda Paris, Ufaransa, kusomea usanifu. Huko alifundishwa na Auguste Perret, bingwa wa majengo ya zege.

Mwaka 1933 alimwoa Ursula Blackwell, msanii kutoka familia iliyojulikana kwa biashara ya vyakula vya kusindika. Mwaka uliofuata walihamia London.

Katika mtaa wa Willow Road alibuni nyumba tatu zilizoungana, zilizokamilika mwaka 1939. Baadhi ya majirani walizipinga, wakihofia zingeharibu sura ya eneo. Alizijenga kwa fremu ya zege na kuzivika matofali mekundu yaliyofanana na ya nyumba za zamani. Kwa kuwa zege ndilo lililobeba uzito, baadhi ya kuta za ndani ziliweza kukunjwa ili vyumba viwe ukumbi. Yeye aliishi nyumba ya kati, akabuni samani zake na kukusanya sanaa ya kisasa, zikiwemo kazi za Max Ernst, Henry Moore na Bridget Riley.

Mwaka 1968 alifanya jambo lisilo la kawaida. Jengo lake la Balfron, lenye ghorofa 26 za makazi ya umma, lilipokuwa tayari, yeye na mkewe walihamia juu kabisa kwa miezi miwili. Waliwaalika wapangaji na kusikiliza kero zao. Aliona kwamba lifti mbili hazitoshi. Jengo lililofuata, Trellick, lenye ghorofa 31 na lililokamilika mwaka 1972, aliliwekea lifti tatu.

Hata hivyo, hakupata sifa haraka. Wakati huo majengo marefu yalikuwa yameanza kuchukiwa, na Trellick ilikuja kujulikana kwa uhalifu. Goldfinger alifariki mwaka 1987.

Thamani ya kazi yake ilionekana baadaye. Nyumba yake, pamoja na sanaa iliyomo, ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1996, na mwaka 1998 Trellick iliwekwa chini ya ulinzi wa sheria kama jengo la urithi. Soko lilichelewa kumwelewa, lakini kero za wapangaji yeye hakusubiri kuletewa ofisini.