Mwalimu Aliyeifuata Ikweta: Maisha ya Luigi Broglio

Tunapokagua mazoezi ya kufundisha katika shule za Handeni na Korogwe, husikia watoto wakisema kuwa sayansi ya anga ni mambo ya Ulaya. Maisha ya Luigi Broglio yaweza kuwasaidia wanachuo kuwajibu.

Broglio alizaliwa Mestre, Italia, mwaka 1911. Alikuwa mhandisi, afisa wa jeshi la anga na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Roma. Mwaka 1964 yeye na wenzake walirusha satelaiti ya kwanza ya Italia kutoka Marekani. Hakutosheka. Alijua kwamba dunia izungukapo, mahali palipo kwenye ikweta huenda mbio kupita kwingine, na mbio hizo huisaidia roketi. Basi wakasimamisha majukwaa ya chuma baharini karibu na Malindi, yapata nyuzi 3 kusini ya ikweta, katika pwani hii hii inayoshuka hadi Tanga. Mwaka 1967 satelaiti yao ya pili iliruka kutoka huko.

Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa hapo satelaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kupima eksirei za angani. Eksirei hizo huzuiwa na hewa zisitufikie. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339. Baadhi ni nyota za nyutroni, yaani mabaki ya nyota kubwa zilizokufa, yaliyosongamana hadi upana wa kilomita 20 hivi, usiofika hata nusu ya safari ya Korogwe hadi Handeni.

Vyombo vya baadaye vilizipata na nyota za nyutroni zilizo pweke. Eksirei zake zikipangwa kwa kadiri ya nguvu, huwa spektra. Nayo hutujulisha joto la nyota. Alama hafifu katika baadhi ya spektra husaidia kukadiria usumaku, unaoupita wa dunia mara mamilioni ya mamilioni.

Broglio alifariki mwaka 2001. Kituo cha Malindi kina jina lake.

Mwanachuo na aanze somo hili kwa gurudumu la baiskeli. Afunge kitambaa ukingoni na kingine karibu na kitovu, alizungushe, kisha aulize kipi kinakwenda mbio. Mtoto akijibu, aonyeshwe ikweta kwenye ramani, na Malindi, na shule yake mwenyewe. Hapo atajua kwamba hata mahali alipozaliwa ni chombo cha sayansi.