Binet Kabla Hajawa Swali la Mtihani

Kila mwanafunzi wa ualimu anamjua Alfred Binet kwa mstari mmoja: Mfaransa, kipimo cha kwanza cha akili, mwaka 1905. Tunaukariri usiku wa kuamkia mtihani, tunautema asubuhi, na aliyeusahau anakutana nao tena kwenye sapu. Mimi nimeishi na mstari huo miaka miwili bila shida. Mwaka huu, nikiwa maktaba natafuta kitu kingine kabisa, nikaangukia sura nzima juu ya maisha yake, nikakaa nayo mpaka walinzi wakaanza kuzima taa. Kumbe mzee huyu hakufundishwa saikolojia na mtu yeyote, aliaibika mbele ya wasomi wenzake akiwa kijana, na hakuwahi kupewa uprofesa katika nchi yake. Halafu kile alichokiogopa zaidi ndicho kilichokuja kufanywa kwa jina lake.

Alizaliwa tarehe 8 Julai 1857 mjini Nice, siku ambazo mji huo ulikuwa bado haujaingia Ufaransa. Baba yake alikuwa daktari, mama yake mchoraji. Walitengana, mama akamchukua mtoto wakahamia Paris. Akasoma sheria, akamaliza 1878, hakuifanyia kazi. Akagusa udaktari, akaacha. Wale mliobadilisha kozi mwaka wa kwanza huku nyumbani wanaulizana mmerogwa na nani, mtamwelewa. Alichofanya ni kwenda kujifungia katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa na kusoma vitabu vya saikolojia kimoja baada ya kingine. Tusidanganyane lakini, familia yake ilikuwa na fedha. Mtu wa kusubiri bumu asingethubutu.

Akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu alipata nafasi Salpêtrière, hospitali kubwa ya Paris, chini ya Charcot, daktari wa mishipa ya fahamu aliyekuwa maarufu kuliko wote. Kazi yao ilikuwa kuwatia wagonjwa usingizi wa hipnozi na kutazama kinachotokea. Binet na mwenzake Féré wakatangaza jambo la ajabu: kwamba ukisogeza sumaku karibu na mgonjwa aliyelala usingizi huo, kupooza kunahama kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Mbelgiji mmoja, Delboeuf, hakuamini, akaenda kuona mwenyewe. Akakuta majaribio yanafanywa mbele ya mgonjwa anayesikia kila neno na anayejua kabisa wakubwa wanataka kuona nini. Sumaku haikuwa na kazi yoyote pale.

Binet alibisha, akabisha sana. Mwishowe akakubali, na kwa maandishi, kwamba walikosea. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Kwa maana toka siku hizo hakuacha kuuliza swali moja: je, jibu hili limetoka kwa anayeulizwa, au nimemtilia mimi mdomoni? Mwaka 1900 alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Aliwaonyesha watoto wa shule mistari, kila mmoja mrefu kuliko uliotangulia, halafu kimyakimya akaanza kuwaonyesha mistari iliyolingana. Watoto wengi wakaendelea kuona inarefuka. Ukishafanya jaribio kama hilo huwezi tena kuingia darasani na kuuliza "tumeelewana?" halafu ukafurahia ile "ndiyooo" ya pamoja.

Baada ya Salpêtrière alibaki nyumbani bila kazi, akiwa na mke, Laure Balbiani, na mabinti wawili wadogo, Madeleine na Alice. Basi akaanza kuwatazama hao. Madeleine alipojifunza kutembea hakuachia kiti mpaka awe na hakika ya kitu kingine cha kushika mbele yake. Alice alijirusha tu huku akicheka. Wazazi walewale, nyumba ileile. Binet aliwafuatilia miaka mingi, akiwauliza maana ya maneno, akiwapa vitu wavieleze, na 1903 akatoa kitabu kuhusu jinsi wanavyofikiri, akiwaita Marguerite na Armande kuficha majina yao. Wanasaikolojia wengi wa wakati huo walipima akili kwa mambo madogomadogo kama wepesi wa mkono au ukali wa ngozi kuhisi mguso. Kwa mabinti zake Binet aliona kuwa kwa vipimo hivyo mtoto anaweza kumkaribia mtu mzima. Tofauti ya kweli ilikuwa kwenye kuelewa, kuhukumu, kuona kama jambo lina maana au halina.

Mwaka 1891 alikutana na profesa Beaunis kwenye stesheni ya treni, akaomba kufanya kazi katika maabara yake ya saikolojia pale Sorbonne, bila malipo. Akapokelewa. 1894 akawa mkurugenzi wake, 1895 akawa mmoja wa waanzilishi wa jarida la L'Année psychologique. Mwaka huohuo alialikwa kufundisha Bucharest, Romania, ukumbi ukajaa, wakamtaka abaki kama profesa. Akakataa akarudi Paris. Huko Paris aliomba nafasi za uprofesa akanyimwa, wakapewa wengine. Maabara yake haikuwa na wanafunzi wengi. Mmoja aliyedumu naye ni daktari kijana, Théodore Simon, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya watoto wenye ulemavu wa akili.

Kuna kipindi Binet naye alipima vichwa vya watoto kwa rula, maana ndiyo ilikuwa fasheni: kichwa kikubwa, akili nyingi. Alipata tofauti za milimita tu kati ya watoto waliosifiwa na walimu na wale waliolaumiwa. Kisha akashuku mkono wake mwenyewe, kwamba ukijua mapema yupi ni "mjinga" rula nayo inakufuata. Sumaku ilimfundisha vizuri.

Sasa tufike 1904. Ufaransa ilikuwa imeweka elimu ya lazima toka 1882, madarasa yakajaa watoto wa kila aina, na wapo waliobaki nyuma mwaka baada ya mwaka. Wizara ikaunda tume, Binet akiwa ndani, kutazama watoto wa namna hiyo wafundishwe wapi na vipi. Ukisoma haraka unadhani tatizo lilikuwa kuwapata wasioweza. Tatizo la Binet lilikuwa upande wa pili pia. Aliona kwamba mwalimu aliyechoka na mtoto msumbufu angeweza kumwita punguani ili aondolewe tu, na daktari mmoja angeandika hili na mwingine lile kwa mtoto yuleyule. Alitaka kitu kitakachomkinga mtoto na maneno hayo.

Kilichotoka 1905, yeye na Simon, ni maswali na kazi 30 zinazoanzia chini kabisa. Mtoto anafuata kwa macho njiti ya kiberiti inayowaka. Anachagua kati ya kipande cha chokoleti na kipande cha mti. Anaonyesha pua yake, anarudia tarakimu alizosikia, anasema karatasi na kadibodi vinatofautianaje, anapanga vijiboksi kwa uzito. Hakuna swali la mtaala. Mwaka 1908 waliyapanga upya kwa umri, kuanzia miaka mitatu hadi kumi na mitatu, ili uone mtoto amefikia yanayofanywa na wenzake wa umri gani.

Kinachosahaulika kwenye noti zetu ni kwamba kazi hii haikuishia kwenye karatasi. Mwaka huohuo wa 1905 Binet alifungua maabara ndani ya shule ya msingi, mtaa wa Grange-aux-Belles, eneo la wafanyakazi, pamoja na mwalimu mkuu Vaney. Na moja ya mambo aliyoyasisitiza ni kupima macho ya watoto. Alitaka walimu wenyewe wafanye hivyo, kwa herufi zilizobandikwa ukutani, kabla ya kusema lolote kuhusu akili ya mtoto.

Hapo niliacha kusoma kidogo. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa kidato cha kwanza, shule ya kutwa, watoto sabini na zaidi. Kulikuwa na mmoja aliyekaa nyuma, kila nikigeuka namkuta ananakili daftari la jirani badala ya ubao. Kwenye kumbukumbu zangu, kando ya jina lake, niliandika "mzito kuelewa", na msimamizi alipokuja akaona naandika vizuri. Wiki nane. Sikumwuliza hata siku moja anisomee kilichoandikwa ubaoni kutoka pale alipokaa. Inawezekana alikuwa anaona vizuri tu, ila hesabu zilimshinda. Sijui, na ndilo linaloniuma, kwamba niliandika bila kujua.

Binet mwenyewe aliwahi kuambiwa neno la namna hiyo. Anasimulia katika kitabu chake cha 1909, Les idées modernes sur les enfants, kwamba mwalimu alimtolea hukumu kuwa hatakuja kamwe kuwa na akili ya kifalsafa. Alikuwa na zaidi ya miaka hamsini alipoandika hivyo, mtu mwenye jina, na bado lile "kamwe" lilikuwa linamkera. Katika kitabu hichohicho anapingana waziwazi na wanaodhani akili ni kiasi kilichofungwa ambacho mtoto huzaliwa nacho. Kwa watoto wa madarasa maalumu, ambayo sheria iliyaruhusu mwaka huohuo wa 1909, alieleza mazoezi: kwa mfano mchezo wa sanamu, ambapo darasa zima linaganda kimya bila kutikisika, ili mtoto ajifunze kwanza kutulia na kuweka mawazo mahali pamoja. Unaanza na umakini, hesabu zinafuata. Kuhusu kipimo alirudia onyo lake: akili haipimwi kama urefu wa kitambaa, na alichokipata mtoto leo si ahadi ya kesho.

Alifariki Paris tarehe 18 Oktoba 1911, akiwa na miaka 54, toleo la tatu la kipimo chake likiwa limetoka mwaka huohuo.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. 1912 Mjerumani Stern alipendekeza kugawanya umri wa akili kwa umri wa kuzaliwa, ikapatikana namba moja. Marekani, Goddard alikuwa ameshakichukua kipimo, 1916 Terman akakitengeneza upya Stanford akakiita Stanford-Binet, na wote wawili waliamini akili inarithiwa na haibadiliki. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika, zaidi ya askari milioni 1.7 wa Marekani walipimwa kwa vipimo vya makundi. Miaka ya 1930 vipimo vya akili vilikuwa vimeshafika hadi Kenya, ambako R. A. C. Oliver alitengeneza cha kwake kwa ajili ya Waafrika. Kazi ya kumlinda mtoto wa Grange-aux-Belles na hasira za mwalimu ikawa kazi ya kupanga watu kwenye ngazi.

Simon aliishi muda mrefu baada ya rafiki yake. Alilalamika kuwa ile namba moja ilikuwa usaliti wa lengo lao, na hakusikilizwa sana. Alifariki 1961, mwaka tuliopata uhuru.

Mwezi wa saba tunarudi tena mashuleni kwa awamu ya pili. Vituo bado havijatoka. Nimeomba shule ileile.