Barghash: jumba refu, nchi fupi

Wengi tunadhani mashindano ya kujenga kwenda juu ni mambo ya juzi. Mimi nasema mtu wa kusomwa kwanza ni Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar.

Huyu bwana hakupata kiti kirahisi. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake, Sayyid Majid. Waingereza wakasimama na Majid, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Majid ndiye aliyeanzisha Dar es Salaam yetu. Alipofariki mwaka 1870 Barghash akatawala, na Dar akaiacha ichakae. Nguvu zote akazipeleka Unguja.

Mwaka 1873, kwa kubanwa na Waingereza, alisaini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Tusisahau kwamba utajiri wa dola ile ulitoka kwenye pembe za ndovu na karafuu, na mashambani waliotoa jasho ni watumwa.

Mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib: nguzo za chuma kutoka ng'ambo, varanda pana, dari za juu kweli kweli. Hakuna jumba Unguja lililolifikia kwa urefu. Aliyeingia kwa jahazi aliliona kabla ya kufika bandarini.

Sasa angalia. Miaka miwili tu baadaye, 1885, manowari za Wajerumani zikatia nanga mbele ya mji, na Barghash akalazimika kukubali madai yao ya bara. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikampimia pwani yake: maili 10 tu kutoka baharini. Jumba lilikwenda juu, nchi ikaenda chini. Mwaka 1888 akafariki. Jumba lenyewe, sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020, likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha.

Mimi simpimi Barghash kwa jumba. Nampima kwa mabomba, maana ndiye aliyevuta maji safi ya chemchemi mpaka ndani ya Mji Mkongwe, watu wa kawaida wakachota. Kazi hiyo haipigwi picha sana.

Mtaani kwetu Kurasini, maghorofa ya Posta tunayaona vizuri tu, yakichungulia juu ya makontena, huku tumebeba madumu ya maji ya kununua. Kwa hiyo, wanachuo wenzangu, mgombea akija na mchoro wa ghorofa, wa chuoni au wa mtaani, msikilizeni kwa heshima. Kisha muulizeni: bomba liko wapi?