MAISHA YA MAMA HARRIET TUBMAN, MTUNZA WAZEE WA AUBURN

Leo tunataka kumpa heshima mama mmoja mweusi wa Marekani, Harriet Tubman. Wengi wenu mmekwisha kusikia jina lake kwa sababu ya watumwa aliowatorosha usiku. Lakini kuna sehemu ya maisha yake isiyosimuliwa sana, nayo ndiyo ndefu kuliko zote: karibu miaka 50 ya kutunza wazee, yatima na wagonjwa katika mji mdogo wa Auburn, jimbo la New York.

Alizaliwa utumwani katika jimbo la Maryland, karibu na mwaka wa 1822. Tarehe yake haikuandikwa, maana watoto wa watumwa walihesabiwa pamoja na mali. Wazazi wake, Ben na Rit, walimwita Araminta. Jina la Harriet, ambalo lilikuwa la mama yake, alilichukua baadaye. Dada zake watatu waliuzwa mbali, na jamaa haikuwaona tena. Alipokuwa msichana, msimamizi mmoja alirusha jiwe la mizani la chuma akitaka kumpiga mtumwa aliyekuwa akikimbia, likampiga yeye kichwani. Tangu siku ile alikuwa akishikwa na usingizi wa ghafula, hata katikati ya maneno, na akaanza kuona ndoto na maono. Waganga wa leo wanayaeleza kwa lile jeraha. Yeye alisadiki kwamba Mungu alikuwa akisema naye, na aliitii sauti ile maisha yake yote. Kusoma na kuandika hakujua. Neno la Mungu alilishika kwa kulisikia.

Mwaka wa 1849 alitoroka, akatembea usiku mpaka Pennsylvania, jimbo lisilokuwa na utumwa. Angeweza kukaa huko na kumshukuru Mungu. Lakini alirudi Maryland mara 13 hivi katika muda wa miaka kumi, akatoa watu wapatao 70, ndugu zake na wengine. Kwa hiyo walimpa jina la Musa. Mwaka wa 1857 aliwatoa wazazi wake, ambao walikuwa wazee na hawakuweza kutembea mbali. Akawapeleka Kanada, lakini baridi ya huko iliwashinda. Ndipo mwaka wa 1859 mwanasiasa mmoja aliyeuchukia utumwa, William Seward, alimuuzia shamba la hektari karibu 3 huko Auburn, kwa dola 1,200, alipe kidogo kidogo. Hivyo ndivyo nyumba ile ilivyoanza: mtoto aliyetafutia wazazi wake mahali pa kuzeekea.

Vita vya kumaliza utumwa vilipoanza, alikwenda South Carolina mwaka wa 1862. Huko aliuguza askari na watumwa waliokimbilia jeshini, akiwatibu ugonjwa wa kuhara damu kwa mizizi aliyoichemsha mwenyewe. Tarehe 2 Juni 1863 aliwaongoza askari katika mto Combahee, na watumwa zaidi ya 700 wakatoka siku moja. Lakini mimi napenda zaidi jambo lingine dogo la wakati ule. Serikali ilimpa dola 200. Fedha ile aliitumia kujenga nyumba ya kufulia nguo, akawafundisha wanawake waliotoka utumwani kuwafulia askari, wapate mshahara wao wenyewe. Watu wengine walipoona wivu kwamba anapewa posho na jeshi, aliiacha posho ile. Akawa anapika mikate ya tangawizi usiku, baada ya kazi ya hospitali, na mchana mikate ile ikauzwa, ndivyo alivyokula.

Vita viliisha mwaka wa 1865, na utumwa ukafutwa. Lakini tuelewe vizuri hali iliyokuwako. Mtu aliyefanya kazi miaka 60 bila mshahara aliachwa huru mikono mitupu: hana shamba, hana nyumba, mara nyingi hajui watoto wake waliuzwa wapi. Nyumba za kutunza wazee zilikuwako, lakini nyingi zilipokea wazungu tu. Mzee mweusi asiye na jamaa aende wapi?

Wengi walikwenda kwa Mama Harriet. Nyumba yake ilijaa: wazazi wake, ndugu zake, yatima, vipofu, wagonjwa, watu waliopita njia tu. Mwaka wa 1869 aliolewa na Nelson Davis, askari wa zamani na mfyatua matofali, na mwaka wa 1874 wakachukua mtoto wa kike wa kumlea, Gertie. Walilima viazi na mboga, wakafuga nguruwe na kuku. Chakula kilipokwisha, mama alishika kikapu akazunguka katika nyumba za wenye mali wa Auburn, akaomba kwa ajili ya watu wake. Kujiombea mwenyewe kulimwia vigumu, lakini kuwaombea wengine hakukumtia haya hata kidogo.

Fedha haikukaa mikononi mwake. Mwaka wa 1873 watu wawili walimdanganya kwamba wana dhahabu ya kuuza kwa bei ndogo. Akakopa dola 2,000 kwa tajiri mmoja, nao wakamnyang'anya na kumwacha amefungwa kamba. Na serikali aliyoitumikia vitani ilimzungusha miaka zaidi ya 30. Nelson alikufa mwaka wa 1888, na ni mwaka wa 1895 tu ndipo mama alipoanza kupata pensheni ya mjane, dola 8 kwa mwezi. Mwaka wa 1899 ikawa dola 20.

Hata hivyo mwaka wa 1896 shamba la jirani, hektari 10, liliuzwa kwa mnada. Mama huyu wa miaka 74 hivi alisimama katikati ya wanunuzi wazungu, akapandisha bei mpaka akalipata kwa dola 1,450. Mkononi hakuwa nazo! Kanisa lake, AME Zion, kanisa la watu weusi, lilimsaidia, na banki ikatoa mkopo. Alitaka nyumba kubwa ya wazee weusi, itakayobaki baada yake. Madeni yalipomlemea, mwaka wa 1903 alilikabidhi kanisa shamba lile, na nyumba ikafunguliwa tarehe 23 Juni 1908.

Hapo ndipo palipotokea ugomvi. Wakubwa wa kanisa waliweka sheria kwamba anayetaka kuingia alete kwanza dola 100. Mama Harriet alikasirika sana. Yeye alitaka sheria iwe kinyume chake: asiye na kitu ndiye aingie. Alilitoa shamba lake kwa ajili ya hao, si kwa ajili ya wenye akiba.

Wapendwa, tusiwahukumu wakubwa wale upesi. Sisi mashemasi tunajua kwamba nyumba ya wagonjwa inataka makaa, chumvi, sabuni, dawa na mshahara wa mlinzi, na sahani ya sadaka haitoshi kila Jumapili. Walikuwa na deni la kulipa. Lakini dola 100 ilikuwa sawa na pensheni yake ya miezi mitano. Kama mtumwa wa zamani alikuwa nayo, huenda angejikodishia chumba na kumlipa mtu wa kumpikia. Kwa sheria ile mlango ulifungwa mbele ya wale wale ambao mama alikuwa akiwalisha kwa kikapu. Kwa maoni yangu yeye ndiye aliyeona sawa, ingawa hakujua kuandika hesabu.

Mwaka wa 1911 alikuwa amechoka, hana nguvu za miguu wala fedha. Yeye mwenyewe akaingia kama mgonjwa katika nyumba aliyoipigania. Magazeti yaliandika kwamba ni maskini, na watu wema wakatuma msaada. Alikufa humo kwa ugonjwa wa mapafu tarehe 10 Machi 1913, mwenye miaka 90 na kitu, rafiki zake wakisali pamoja naye. Walimzika Auburn katika makaburi ya Fort Hill, kwa heshima za askari.

Mwaka uliofuata, 1914, mji wa Auburn ulitundika bamba la shaba lenye jina lake kwenye jengo la mahakama, na Booker T. Washington, aliyezaliwa utumwani naye pia, akaja kuhutubia. Nyumba ya wazee iliendelea miaka kadhaa kisha ikafungwa. Baadaye kanisa la AME Zion liliitengeneza, na tangu 2017 shamba ni hifadhi ya kihistoria ya taifa. Wageni hutembezwa humo mpaka leo.