Ibn Sina na Maradhi ya Kichomi

Mtu akishikwa na kichomi cha ubavuni, akawa hawezi kuvuta pumzi ila kwa kuikatiza, wengi wetu hapa pwani humkimbilizia mafuta ya kusugua au kombe la kunywa. Tabibu huitwa baadaye, mgonjwa amekwisha kudhoofika. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kuwakumbusha ndugu zetu habari za mtu aliyeyapambanua maradhi haya yapata miaka elfu moja iliyopita.

Huyo ni Abu Ali al-Husayn bin Abdillah bin Sina. Alizaliwa mwaka 370 wa Hijra, yaani 980, katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara. Alipotimia miaka 10 alikuwa amekwisha kuihifadhi Kurani. Akasoma fikihi, mantiki na hesabu, kisha akaingia katika utabibu. Wala hakutosheka na vitabu, bali alitibu wagonjwa huku akisoma, akayajua kwa kutibu mambo asiyoyakuta katika kurasa. Suala likimtatiza, alikwenda msikitini akasali na kumwomba Mola wake mpaka likamfungukia. Angali kijana, aliitwa kumtibu Nuh bin Mansur, mfalme wa Bukhara, na kwa sababu hiyo akafunguliwa maktaba ya mfalme.

Dola hiyo ilipoanguka, alihama mji hata mji. Huko Hamadan akawa waziri wa Shams al-Dawla. Askari wakamwasi na kutaka auawe, akajificha siku 40. Baadaye alifungwa ngomeni Fardajan miezi minne. Katika taabu hizo hakuiweka kalamu chini. Kitabu chake al-Qanun fi al-Tibb, alichokianza Jurjan, kilikamilika kadiri ya mwaka 1025. Kina sehemu tano, na ya tatu yaeleza maradhi ya viungo tangu kichwa hata nyayo.

Humo ndimo alimoeleza dhat al-janb, nayo ni uvimbe wa ngozi za ndani ya mbavu. Akazitaja alama zake tano: homa kali, maumivu ya kuchoma, pumzi fupi, kikohozi, na mshipa unaopiga kwa kukwaruza kama meno ya msumeno. Kisha akaonya usichanganye. Maumivu ya ini ni mazito, hayachomi, na uso wa mgonjwa huingia umanjano. Uvimbe wa pafu lenyewe nao hubana pumzi zaidi, na uchungu wake ni wa uzito. Alitaka tabibu ajue kwanza kilichoumwa, ndipo atafute dawa.

Huenda mtu akatwambia kwamba Mtume, sala na amani zimshukie, ametaja qust kuwa dawa ya dhat al-janb. Ni kweli, nasi twaiamini. Lakini Ibn al-Qayyim, aliyekufa mwaka 751 wa Hijra, alipoisherehesha hadithi hiyo alizitaja alama hizo hizo tano, akaitenga dhat al-janb ya kweli na ile ya upepo uliozuiliwa mbavuni. Basi hata mwenye kushika hadithi hana budi kuyapambanua maradhi kabla ya dawa.

Hatusemi kuwa kila alichoandika Ibn Sina kinafaa leo. Yeye alitoa damu mshipani na kunywesha maji ya shayiri. Matabibu wa leo wamejua zaidi. Husikiliza kifua, hupiga picha ya eksirei, huchunguza makohozi na damu. Kichomi chaweza kuwa nimonia, nayo ina dawa zake za kuua vijidudu. Au kifua kikuu, ambacho kwa kawaida hutibiwa miezi sita bila ya kukatiza. Au damu iliyoganda na kuziba mshipa wa pafu, ambayo huua kwa haraka. Maji yakijaa ubavuni, hutolewa kwa sindano. Maradhi haya yote huchoma namna moja, na dawa zake mbalimbali. Mafuta hayawezi kuyapambanua.

Wala hatufichi kuwa Imamu al-Ghazali aliyapinga vikali baadhi ya maneno yake ya falsafa. Kuchukua utabibu wa mtu si kuchukua itikadi yake.

Mwisho wake nao una mazingatio. Alishikwa na msokoto wa tumbo, akataka kupona upesi, akajitia dawa ya haja kubwa mara nane kwa siku moja, hata matumbo yakafanya vidonda. Alipojua kuwa ajali imefika, alitubu, akatoa sadaka, akawaacha huru watumwa wake, akashika kusoma Kurani. Alikufa Hamadan katika Ramadhani ya mwaka 428, yaani 1037. Ikiwa tabibu mkubwa namna ile alidhuriwa na haraka ya dawa, sisi tusiojua tuna udhuru gani?

Basi, ndugu msomaji, mtu wa nyumbani mwako akichomwa na ubavu kila avutapo pumzi, mwombee dua, na siku hiyo hiyo mpeleke hospitali. Dua haikatazi tiba, na kuchelewa si tawakali.